Mlezi wa "Actually"

Jumatatu, 9 Juni

Leo Madam wa Kiingereza ameingia darasani na bati la biskuti. Darasa zima likanyoosha shingo. Biskuti hazikuwamo. Mlikuwa na vikaratasi arobaini na viwili, na kila kikaratasi kina neno moja la Kiingereza.

Madam alieleza utaratibu mara mbili, kwa sababu sisi ni darasa la kuelezwa mara mbili. Kila mmoja atavuta neno na kuwa mlezi wake kwa wiki mbili. Atatafuta maana katika kamusi, kisha atatoka na daftari kusikiliza watu wanavyolitumia nyumbani, njiani na kazini. Mifano isipungue ishirini. Kila mfano uandikwe mahali, saa na kazi ya msemaji. Majina ni marufuku. Madam alisema hatutaki kumwaibisha mtu, tunataka kulijua neno. Ijumaa ya wiki ijayo walezi watano bora watasimama ukumbini mbele ya wazazi, na mshindi atakabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu kwa muhula mzima.

Ufunguo! Niliandika neno hilo kiganjani, mkono usije ukasahau.

Kwa sasa anao Kamusi. Si jina lake, ila ndivyo tunavyomwita, maana hujibu kabla swali halijaisha. Amekaa nao mihula miwili, umening'inia shingoni kwa utepe mwekundu, na huazimisha vitabu kana kwamba vyote viliandikwa na baba yake. Mimi hunipa vilivyonyofoka kurasa. Mwezi Machi nilisoma sehemu ya kwanza ya hadithi ya msichana anayelinda mnara wa taa. Iliishia pale anaposikia mtu akigonga mlango wa juu, ambao hauna ngazi. Miezi mitatu sasa mtu huyo anagonga. Sehemu ya pili ni mali ya kabati lile. Naitaka kuliko viatu vipya, na viatu vyangu mtu yeyote akivitazama atanihurumia.

Kamusi alivuta "opportunity", yaani fursa. Akatabasamu kama bibi harusi. Jirani yangu wa dawati alivuta "butterfly". Mimi nilivuta "actually".

Nilianza hila mara moja. Nilimwambia jirani tubadilishane, nikamweleza kwamba neno langu ni adimu, halipatikani ovyo. Alikuwa karibu kukubali. Papo hapo Madam akasema, actually, kengele ilishalia zamani. Jirani akalikunja "butterfly" lake na kulitia kwenye soksi.

Jumanne, 10 Juni

Nimelitazama neno langu katika kamusi ya shule. Mistari minne! Maana: kwa kweli, kwa hakika. Hutumika kusisitiza kwamba jambo ni kweli, hasa kama msikilizaji hakulitegemea. Pia kumsahihisha mtu kwa adabu. Basi. "Opportunity" lina robo nzima ya ukurasa. Kamusi alihakikisha nimeliona. Aliniwekea kidole chake pale pale.

Jioni nilikwenda kumngoja Mama kazini. Mama hupokea simu kwenye karakana ya kutengeneza majokofu. Kuna kaunta, simu ya mezani, daftari la wateja lililovimba, na nyuma yake majokofu yasiyo na milango yamepangwa kama watu walioambiwa na daktari wa meno wafungue vinywa. Ukutani kuna benchi. Juu ya benchi hukaa fundi, ambaye ni mmoja tu, pamoja na mwenzake wa drafti. Kete zao ni vizibo vya soda.

Nilifungua daftari nikatega sikio. Simu ikalia. Mama akasema kwa sauti yake ya kazini, iliyonyooka kama shuka la hoteli, kwamba actually fundi yuko njiani. Fundi akasogeza kizibo. Simu ikalia tena. Actually, fundi amekaribia kabisa kufika. Fundi akala kete mbili za mwenzake na kuomba chai.

Kwa saa moja na nusu simu ziliingia kumi na nne. "Actually" nilizisikia kumi na moja. Katika hizo, mara tisa fundi alikuwa benchini na mara mbili alikuwa chooni.

Nilihesabu upya kwa kidole. Kamusi ya shule inasema neno hili huja na ukweli. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba huja pale ukweli unapokuwa umetoka kidogo. Waandishi wa kamusi ni watu wenye elimu, lakini ni wazi hawajawahi kukaa kwenye karakana ya majokofu.

Ufunguo ni wangu. Nasikia hata baridi yake shingoni.

Jumatano, 11 Juni

Utafiti wa nyumbani. Nimechora jedwali lenye safu nne: msemaji, mahali, kauli, hali halisi. Nimeliita Kipimo.

Mjomba alikuja kwetu kukaa wiki mbili. Hiyo ilikuwa mwaka jana. Hulala kwenye kochi na ni mtu wa heshima sana, hukunja shuka lake mwenyewe. Asubuhi alisema actually leo anawahi mjini. (Bibi anasema alitoka saa saba mchana.) Hapo hapo akasema actually kazi ameshapata, kinachongojwa ni barua tu. Nilimwuliza kwa adabu barua inatoka wapi. Akasema actually bado hawajamwambia. Tatu kwa dakika mbili! Nilimshukuru. Akaniuliza ninaandika nini, nikasema hesabu.

Bibi hajui Kiingereza, lakini neno hili amelidaka kwa Mjomba na amelipenda. Daktari amemkataza sukari. Leo Mama alikuta kopo la sukari limepungua akamwuliza kama ameligusa. Bibi akajibu kwamba "akchuli" yeye hata kopo lenyewe hajui liko wapi. Punje za sukari zilikuwa zimemkaa kwenye kidevu. Mama aliona. Mimi niliona. Bibi akaona kwamba tumeona, akajifuta, akasema akchuli ni chumvi.

Mifano sasa ni kumi na sita. Ya kweli, hakuna.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimepiga hatua kubwa. Nimekitumia Kipimo kwa adui.

Wakati wa mapumziko nilimwendea Kamusi. Nikamwuliza, kama mtu anayepita tu, sehemu ya pili ya ile hadithi ya mnara imerudi kabatini au bado. Hakuinua hata macho. Akasema, "Actually, kimeazimwa."

Nilitaka kumkumbatia. Amesema mwenyewe! Kwa mujibu wa Kipimo, kitabu kimo kabatini na amekificha.

Hila ya pili: nilijitolea kupangusa vumbi maktaba. Maktaba yetu ni chumba cha ramani chenye kabati moja. Kabati halifungi vizuri upande wa chini, mna ufa wa upana wa vidole viwili. Nililala kifudifudi, nikachungulia. Niliona mgongo wa kitabu cha buluu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya buluu! Nikaingiza mkono. Ukaingia vizuri sana. Kutoka ukakataa.

Madam alinikuta hapo. Aliuliza ninafanya nini na mkono wangu ndani ya kabati. Nikajibu kwamba actually nilikuwa napangusa kwa ndani. Akaninasua kwa sabuni ya kipande.

Mfano huo sikuuandika. Mtafiti hajihesabu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzima barabarani na daftari. Saluni, duka la vifaa vya shule, fundi wa viatu, zahanati.

Mfano bora umetoka kwa mshona nguo wetu. Mama alinituma niulizie blauzi yake, iliyopelekwa kushonwa kabla ya Pasaka. Mshona nguo alinikaribisha kwa furaha na kunipa kigoda. Akasema actually blauzi imekwisha, imebaki vifungo tu. Nikaomba nione. Akasema actually iko kwa mtu wa vifungo. Nilikuwa nimekalia kigoda, na juu ya kigoda kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa cha Mama, kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi. Niliandika nikiwa nimekikalia.

Nilimwambia kwamba nahitaji kazi yake tu, jina si lazima. Alisema nimelelewa vizuri.

Jumatatu, 16 Juni

Mstarini asubuhi Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba actually maji ya bomba yatarudi kesho. Kitu kikanigusa. Wakati wa mapumziko niliomba daftari la matukio la kiranja, ambamo matangazo huandikwa kila siku. Nikapekua tangu Januari. Tangazo la maji limetolewa mara saba, na kila mara yalikuwa yanarudi kesho. Nimeandika tarehe zote saba kwa kalamu nyekundu, nikazipigia mstari kwa rula.

Madam amekusanya madaftari kuchagua watano bora. Hapa nilitumia akili. Kama ningempa kila kitu, na Kamusi ni mtu wa kukaa karibu na meza ya mwalimu, mali yangu ingeibwa. Kwa hiyo nilimpa Madam mifano ishirini ya kawaida, ya saluni na ya viatu. Ile mitamu niliihamishia daftari la jiografia.

Nimechaguliwa! Pamoja na Kamusi, jirani yangu wa kipepeo, na wengine wawili wasio na hatari. Madam aliniambia kazi yangu ni safi, ila imepoa kidogo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 18 Juni

Kamusi ametengeneza bango. Lina herufi za kung'aa na ngazi ya karatasi inayopanda kwenda juani. Jirani yangu amechora vipepeo wanne. Mimi nina Kipimo.

Nilimwandikia Mama barua rasmi ya mwaliko, ingawa tunakaa nyumba moja. Aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya mkoba wake. Kesho yake ilibidi aombe ruhusa ya saa mbili kwa meneja wa karakana. (Hii naiandika Alhamisi, nikijifanya ni Jumatano, kwa sababu Jumatano nilisinzia.) Nilikuwapo alipoomba. Meneja alisema aende tu. Mama akaona ni wakati mzuri, akauliza pia habari ya likizo yake ya mwaka. Meneja akasema actually fomu iko mezani kwake, inangoja sahihi. Mama alishasema nyumbani kwamba fomu hiyo iko mezani tangu Januari. Niliinama chini ya kaunta nikaiandika. Meneja peke yake sasa ana kauli sita kwenye Kipimo. Zake sitazisoma ukumbini, nafasi haitoshi.

Mama amepiga pasi blauzi yake ya zamani. Amesema hajawahi kualikwa mahali kwa barua.

Ijumaa, 20 Juni

Niandike kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa Mwalimu Mkuu, na kando yake mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ambaye ni mwenye bucha. Ni mtu mkubwa, mikono yake peke yake inajaza kiti. Mama alikaa safu ya tatu. Aliniona akanyoosha kola yake, maana yake ninyooshe yangu.

Kamusi alizungumza. Ngazi yake ilianguka kutoka juani lakini alipigiwa makofi. Jirani akaonyesha vipepeo. Kisha mimi.

Nilianza na kamusi: mistari minne. Nikasema kwamba walezi wema humtazama mtoto anavyoishi, si anavyoandikwa kwenye cheti. Madam akatikisa kichwa kwa furaha. Ndipo nikafungua daftari la jiografia. Madam akaacha kutikisa kichwa.

Nilisoma mkazi wa kochi. Watu wakacheka. Nilisoma bibi wa nyumbani na kidevu chake. Wakacheka zaidi. Nilisoma mshona nguo, na mama mmoja nyuma akasema kumbe na gauni lake liko kwa mtu wa vifungo. Sijawahi kuchekewa kwa uzuri namna ile. Mwili uliniwaka. Nikasoma: "Mpokea simu, karakana ya majokofu, Jumanne, saa kumi na nusu. Kauli: actually fundi yuko njiani. Hali halisi: fundi yuko benchini, anakula kete."

Mwenye bucha hakucheka. Aliinua mkono kama mwanafunzi, kisha akasimama.

"Binti. Huyo fundi wa saa kumi na nusu, alikuwa njia gani?"

"Benchini, mzee."

"Una hakika?"

"Nimeandika, mzee. Alikula kete mbili, akaomba chai."

Alisema friza lake limekufa wiki tatu. Jumanne ile saa kumi na nusu alipiga simu mwenyewe, na tangu siku hiyo amesimama mlangoni pa bucha akimtazamia fundi barabarani, mpaka wateja wanamwuliza anamngoja nani. Karakana ya majokofu hapa kwetu ni moja. Akageuka polepole akatazama safu ya tatu. Mama alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Nilidhani anatafuta leso ya machozi ya furaha.

Nikaona ukumbi umepoa. Nikaupasha moto kwa tarehe saba za maji.

Makofi yalikuwa makubwa kabisa, hasa kutoka kwa wanafunzi. Mwalimu Mkuu alisimama kufunga shughuli. Akasema, "Wazazi wapendwa, ak..." Akalimeza neno. Akajaribu, "Kwa kweli..." Mtu akakohoa. Mwishowe akasema maji yatarudi yatakaporudi, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamini.

Ufunguo amepewa jirani yangu. Vipepeo wanne, na hakuna kipepeo hata mmoja aliyemgusa mtu. Kamusi alivua utepe wake mwekundu akautoa bila kumtazama yeyote.

Madam aliniita pembeni. Alisema, "Sikio lako ni zuri kuliko langu. Majina uliyaficha. Watu hukuwaficha."

Nimeandika sentensi yake ya kwanza kwenye jalada la daftari.

Nilimtafuta Mama tutembee pamoja. Alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi, 21 Juni

Mwenye bucha alitoka shuleni akaenda moja kwa moja karakana. Alisimama mbele ya benchi mpaka fundi akainuka mwenyewe na kubeba sanduku la vifaa. Friza linafanya kazi. Lakini wateja wengine walisikia, na jana hiyo hiyo sita walikuja kusimama mbele ya benchi. Meneja amemwambia Mama kwamba Jumatatu saa nne ataamua kama atabaki kwenye simu au atatafutwa mtu mwingine.

Mama hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alikuwa jikoni anachambua mchele, anatupa mawe kwenye kifuniko, na kila jiwe lilisikika.

Nilimwambia kwamba sikutaja jina.

Akachambua kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, unadhani mimi sijui fundi yuko wapi? Fundi ni mmoja na majokofu ni thelathini. Nikiwaambia hivyo, watu thelathini watanitukana kabla ya saa sita, na mimi ndiye niliye karibu na simu. Lile neno kwangu ni mto. Namlaza mtu mwenye hasira."

Sikuwa na safu ya kuandika hilo. Nilitafuta kwenye Kipimo: msemaji, mahali, kauli, hali halisi. Halikuingia popote.

Nilimpikia chai. Aliionja akasema haina sukari. Kopo lilikuwa tupu. Bibi, kutoka chumbani, akasema kabla hajaulizwa kwamba akchuli alikuwa amelala.

Mama akacheka, kidogo tu, kisha akaendelea kuchambua mchele. Nilikaa naye mpaka ukaisha. Nimeazimia kutokuwa na hila tena maishani.

Jumapili, 22 Juni

Nimepata hila.

Si hila hasa, ni barua. Nitamwandikia meneja mwenyewe. Nimetumia kutwa nzima na karatasi nne za kufanyia mazoezi. Naandika kwa Kiingereza, kwa sababu meneja husoma barua za Kiingereza akiwa amesimama. Nimemweleza kwamba kosa ni langu, si la Mama. Kwamba Mama ni mfanyakazi mwema, anawalaza watu thelathini kwa siku. (Hapo nilipata shida ya tafsiri, lakini nadhani ataelewa.) Na ili aone kwamba neno hili hutumiwa na watu wote, hata wakubwa na waheshimiwa, nimemwambatanishia kauli zake mwenyewe sita, kila moja na tarehe, saa na hali halisi. Ya nne ni ile aliyomwambia mkewe kwenye simu, kwamba actually yuko kwenye kikao. Nilimwandikia hali halisi kwa heshima: alikuwa benchini, zamu yake ya kucheza.

Mwishoni nimeweka kwamba nakala ninayo, endapo hii itapotea. Madam hutufundisha kuweka nakala ya kila kitu.

Mjomba ameisoma akanitazama kwa jicho jipya. Akaniuliza kama na yeye ana ukurasa wake. Nikamwambia ana kurasa tatu. Ameanza kupanga begi lake, halafu akalipangua.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi kabla ya shule niliipenyeza barua chini ya mlango wa meneja.

Shuleni jirani yangu alifungua kabati kwa mara ya kwanza kama mwenye ufunguo, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Kitabu cha buluu kilikuwa atlasi. Sehemu ya pili haikuwamo. Kamusi, ambaye sasa hana utepe na anaonekana mdogo, alinionyesha daftari la kuazimisha. Sehemu ya pili imeazimwa tarehe 14 Machi. Mwazimaji: Mwalimu Mkuu. Kurudisha: haijaandikwa.

Kwa hiyo Kamusi alisema kweli. Nimelifikiria hili wakati wote wa somo la hesabu. Kipimo kimekosea mara moja katika mifano sitini na mitatu. Hata kipimajoto hukosea ukikishika vibaya. Nimemkopesha kalamu yangu nzuri na akaipokea. Hajanijibu swali lolote kabla sijauliza, nadhani bado ana huzuni.

Nilikimbia hadi karakana. Mama alikuwa kwenye kaunta, mahali pake, simu sikioni! Kumbe saa nne meneja alimwita ofisini, mlango ukafungwa. Hakuzungumzia simu wala wateja. Alitoa fomu ya likizo kutoka chini ya rundo, akaipiga sahihi mbele yake. Wiki mbili kamili, kuanzia keshokutwa. Akirudi atakuta mahali pake. Fundi amepewa msaidizi, na benchi limehamishiwa stoo. Meneja aliomba jambo moja tu, kwamba mtoto asije tena kungojea karakana, na aliuliza mara mbili kama nyumbani kuna nakala nyingine.

Mama ananiuliza niliandika nini. Nimemwambia ni barua ya kuomba msamaha. Alitazama wino kwenye vidole vyangu, akaniambia nivae viatu twende sokoni.

Mimi najua kilichotokea. Meneja ameguswa na mwandiko. Watu wazima wana mioyo laini sana, ukiwaandikia kwa adabu, kwa wino mweusi, na ukaonyesha kwamba umewasikiliza.

Ndiyo maana jioni hii nimeanza barua ya pili, kwa Mwalimu Mkuu. Namwomba kwa unyenyekevu arudishe sehemu ya pili, kwa kuwa kuna mtu anagonga mlango tangu Machi. Nimeambatanisha tarehe saba za maji, pamoja na mambo mengine manne ambayo kiranja aliyaandika bila kujua thamani yake. Kesho nitaipenyeza chini ya mlango wake kabla ya mstari. Ukurasa wa nyuma nimeuacha mtupu, apate mahali pa kuandika shukrani.